RUBANI AFUNZWE WAPI: ANGANI AU NDANI YA SIMULETA?

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma, Chato



Mwaka 2021 ndege za abiria za Shirika la Ndege la Tanzania zilianza kutua Chato, katika uwanja wenye njia ya kurukia ya urefu wa kilometa 3. Kabla ya hapo mtumishi aliyeitwa Dar es Salaam kikazi alipanda basi hadi Geita, akavuka maji kwa kivuko pale Busisi, ndipo akaipata ndege Mwanza. Tangu wakati huo watu wa Chato si watazamaji tu wa ndege zipitazo juu ya vichwa vyao. Wamekuwa abiria. Na abiria anayo haki ya kuuliza swali ambalo kwa kawaida huachiwa wataalam peke yao: huyu aliyeshika usukani kule mbele, kazi yake alifunzwa wapi?

Jibu la swali hilo huwashtua wengi. Rubani mzoefu anapohamishwa kutoka aina moja ya ndege kwenda nyingine, sheria za nchi nyingi humruhusu kujifunza ndege hiyo mpya yote ndani ya simuleta, yaani mtambo unaoigiza ndege huku umesimama chini, ndani ya jengo. Siku atakapoirusha ndege yenyewe kwa mara ya kwanza, yumkini nyuma yake watakuwa wameketi abiria waliolipa nauli. Ni kweli kwamba pembeni yake ataketi rubani mwalimu aliyeizoea ndege ile. Hata hivyo, mikono iliyoshika usukani itakuwa haijapata kuigusa ndege ya aina hiyo ikiwa hewani.

Mtu anayezisikia habari hizi kwa mara ya kwanza husema kwamba huo ni uzembe, na kwamba rubani sharti afunzwe ndani ya ndege ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine, aliyesoma kidogo zaidi, husema kwamba hayo ndiyo maendeleo, na kwamba ndege za mafunzo sasa zipelekwe makumbusho. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba wote wawili wamekosea, na kwamba kosa la kila mmoja wao limekwisha kupoteza maisha ya watu.

MTAMBO ULIOTOKA KIWANDA CHA VINANDA

Yafaa kwanza kueleza simuleta ni kitu gani na ilianzaje. Katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, Marekani, palikuwa na familia iliyokuwa na kiwanda cha kutengeneza vinanda vikubwa vinavyolia kwa nguvu ya hewa. Kijana wa familia hiyo, Edwin Link, alipenda sana urubani, lakini mafunzo yake yalikuwa ghali mno. Kufikia mwaka 1929 alikuwa ameunda kijindege kisichoruka, akitumia mivukuto na mabomba ya hewa yale yale ya vinanda vya baba yake. Mwanafunzi alipousogeza usukani, mivukuto ilijaa au kunywea, na kijindege kikainama au kuinuka kama kinavyofanya kitu kilicho angani. Wakuu wa jeshi walikidharau, na wateja wa kwanza wakawa wenye viwanja vya michezo na starehe.

Mambo yaligeuka mwaka 1934. Serikali ya Marekani ililikabidhi jeshi kazi ya kusafirisha barua za posta kwa ndege. Marubani wa jeshi, ambao hawakuzoea kuruka usiku na ndani ya mawingu kwa kutegemea saa na vipimo tu, walianza kuanguka na kufa katika muda wa majuma machache. Ndipo jeshi liliponunua vijindege 6 vya Link. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana kwa mamia ya maelfu walipitia ndani ya kidude hicho kabla ya kupelekwa vitani.

Simuleta ya siku hizi ni mjukuu wa kinanda kile. Ni chumba cha rubani kilicho kamili, chenye kila swichi na kila kipimo cha ndege halisi, kilichowekwa juu ya miguu 6 ya chuma inayorefuka na kufupika kwa amri ya kompyuta. Mbele ya vioo vyake huonekana njia ya kurukia, mawingu, mvua na taa za mji. Walimu wa fizikia watavutiwa na jinsi mwili unavyodanganywa humo. Ndege ya kweli inapoongeza kasi, rubani husukumwa nyuma kwenye kiti chake. Simuleta haiwezi kwenda popote. Basi chumba huinamishwa nyuma polepole sana, hata mtu asihisi kwamba kimeinama, na uzito wake mwenyewe ndio unaomkandamiza kitini. Macho yanaona njia inakimbia, mgongo unahisi msukumo, na akili inakubali kwamba ndege inaondoka. Simuleta za daraja la juu kabisa ndizo ambazo sheria huziamini kiasi cha kuziruhusu zichukue nafasi ya ndege.

WAKATI AMBAPO MAFUNZO YENYEWE YALIUA

Wale wanaotaka rubani afunzwe kila kitu ndani ya ndege ya kweli wanasahau kwamba jambo hilo limekwisha kufanywa, na matokeo yake yanajulikana. Katika miaka ya 1950 na 1960, mashirika ya ndege yaliwafunza marubani wao mambo ya hatari kwa kuyatenda mambo hayo hayo ya hatari. Kama somo lilikuwa kuzimika kwa injini, mwalimu alipunguza nguvu ya injini wakati ndege i karibu na ardhi, akamwachia mwanafunzi aiokoe.

Usiku wa tarehe 30 Machi 1967, ndege kubwa aina ya DC-8 ya shirika la Delta ilikuwa katika mafunzo ya namna hiyo mjini New Orleans. Zoezi lilikuwa kutua kana kwamba injini mbili za upande mmoja zimezimika. Hapakuwa na abiria hata mmoja ndani yake. Ndege ikamshinda mwanafunzi, na mwalimu akachelewa kuiokoa, ikaanguka juu ya nyumba na hoteli iliyo karibu na uwanja. Watu 19 walikufa: 6 waliokuwa ndani ya ndege na 13 waliokuwa chini, wakiwamo wasichana wa shule ya sekondari waliokuwa katika ziara. Hakuna kilichoharibika katika injini zile. Ndege nzima iliangushwa na somo.

Mantiki ya jambo hili ni nyepesi kuielewa. Dharura ambayo rubani anahitaji zaidi kuizoea ndiyo hiyo hiyo ambayo ni hatari zaidi kuifanyia mazoezi. Moto ndani ya injini, usukani uliokwama, upepo wa ghafla unaoikandamiza ndege inapotua: hayo hayawezi kuagizwa katika ndege ya kweli, na yakija yenyewe hayaji kufundisha. Ndani ya simuleta rubani anaweza kukosea asubuhi, akafa kwa mfano, akanywa chai, kisha akarudi kulirudia somo lile lile mpaka mikono yake ilijue. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa zinataka rubani wa ndege za abiria apimwe uwezo wake mara mbili kila mwaka, na kwa kawaida upimaji huo hufanyika ndani ya simuleta.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, aina ya Super VC10, ilikuwa inaondoka Addis Ababa. Ikiwa katika mbio kali kabla ya kuinuka, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kimeachwa njiani, na tairi likapasuka. Katika nafasi kama hiyo rubani ana sekunde chache tu za kuamua: kusimama au kuondoka. Rubani aliamua kusimama. Breki hazikufanya kazi kama ilivyopasa, na uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu yake ilikuwa imefungwa vibaya. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikavunjika na kuungua, na watu 43 kati ya 107 wakapoteza maisha.

Msiba huo una mafunzo mawili ambayo hayafai kutenganishwa. La kwanza ni kwamba uamuzi wa sekunde chache haujifunzwi kwa kusoma; hujifunzwa kwa kurudiarudia, na mahali pa kurudia uamuzi wa namna ile bila kuhatarisha roho za watu ni ndani ya simuleta. La pili ni kwamba rubani hata afunzwe namna gani, hawezi kuifidia breki iliyofungwa vibaya na fundi, wala njia isiyofagiliwa. Usalama wa abiria hauanzii katika chumba cha rubani wala hauishii humo.

SIMULETA NAYO HUPOTOSHA

Hoja hizi zikiachwa hapa, msikilizaji anaweza kudhani kwamba simuleta imeshinda. Lakini historia ya miaka ya karibuni inatoa maonyo matatu, na kila moja ni la namna yake.

Onyo la kwanza ni simuleta iliyofundisha jambo lisilo la kweli. Tarehe 12 Novemba 2001 ndege aina ya Airbus A300 ya shirika la American Airlines iliondoka New York ikapita katika mkondo wa hewa iliyovurugwa na ndege kubwa iliyotangulia. Msukosuko wenyewe haukuwa wa kuiangusha ndege. Lakini rubani msaidizi aliukanyaga usukani wa mkia kwa nguvu kulia na kushoto, tena na tena, hata mkia ukavunjika. Watu 265 walikufa, 5 kati yao wakiwa chini. Wachunguzi walipofuatilia, waligundua kwamba zoezi moja la simuleta katika shirika hilo lilikuwa limekuza mno hatari ya misukosuko ya aina hiyo, na kwamba huenda ndilo lililompa rubani picha isiyo sahihi na mazoea ya kutumia nguvu nyingi. Uchunguzi ulitaja pia wepesi wa usukani wenyewe wa ndege ile. Hata hivyo funzo ni dhahiri: mwanafunzi mwema aliyemsikiliza mwalimu aliyekosea ni hatari kuliko mwanafunzi mtoro.

Onyo la pili ni simuleta iliyonyamaza. Tarehe 12 Februari 2009 ndege aina ya Q400 ya shirika la Colgan ilikuwa inakaribia kutua Buffalo, Marekani. Ndege ikienda polepole mno huku pua imeinuliwa, mabawa hushindwa kuibeba. Dawa yake ni kuishusha pua ili kasi irudi. Usukani ulianza kutetemeka wenyewe, kama ulivyoundwa kumwonya rubani. Yeye akauvuta badala ya kuusukuma mbele. Watu 50 walikufa, mmoja akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema kwamba mafunzo ya wakati ule yaliwafikisha marubani kwenye ukingo wa hatari hiyo tu, wakiwa wanajua kwamba inakuja. Hayakuwaandaa kwa hatari yenyewe ikija bila taarifa. Yafaa ikumbukwe kwamba Q400 ni aina ile ile ambayo Tanzania ilizipokea mbili mwezi Septemba mwaka 2016 ilipoanza kulifufua shirika lake, na ndiyo iliyozoeleka katika viwanja vyetu vya mikoani.

Onyo la tatu ni simuleta ambayo haikutumiwa. Boeing ilipounda ndege ya 737 MAX, ilijitahidi kuwathibitishia wanunuzi kwamba rubani wa 737 za zamani hahitaji kuingia ndani ya simuleta; somo fupi kwenye kompyuta ndogo ya mkononi lingemtosha. Ndani ya ndege hiyo ulikuwamo mfumo mpya ulioweza kuisukuma pua chini kwa kutegemea kipimo kimoja tu, nao marubani hawakuelezwa habari zake. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia na kuua watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, iliyokuwa inakuja Nairobi, ilianguka dakika 6 baada ya kuondoka Addis Ababa, ikaua watu 157. Kosa kubwa lilikuwa katika muundo wa ndege na katika kuficha, wala si la marubani. Lakini mwezi Januari 2020 kampuni hiyo hiyo ilipendekeza kwamba marubani wote wa MAX wapite kwanza ndani ya simuleta. Tanzania ilipoipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza mwezi Oktoba 2023, utaratibu huo ulikuwa umekwisha kulipiwa kwa roho za watu 346.

Ukiyaweka maonyo haya matatu pamoja, jambo moja linajitokeza. Simuleta haina elimu yake yenyewe. Inafundisha kile tu ambacho watu wameijaza, kwa usahihi wao au kwa makosa yao, kwa uaminifu wao au kwa ubahili wao. Ni mfano wa kitabu cha kiada: kikiandikwa vizuri huelimisha nchi nzima, na kikiwa na kosa huisambaza kosa hilo katika kila darasa.

KITU AMBACHO NDEGE PEKE YAKE HUFUNDISHA

Wavuvi wa Chato hawahitaji kuelezwa tabia ya Ziwa Victoria. Wanajua jinsi usiku unavyoweza kuanza kwa utulivu, kisha kabla ya mapambazuko radi zikatanda juu ya maji na upepo ukageuka. Hali hiyo hiyo ndiyo inayowakuta marubani wanaotua Mwanza, Bukoba, Musoma, Chato na katika kiwanja kidogo cha kisiwa cha Rubondo. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ilipokuwa inajaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa waliosalia.

Hapa si mahali pa kuwahukumu marehemu. Msiba ule unatajwa kwa sababu unaonyesha mazingira ambayo rubani wa nchi hii hufanyia kazi: njia fupi, ziwa upande mmoja na vilima upande mwingine, na hali ya hewa inayobadilika katika muda ambao ndege inauzunguka uwanja. Ndani ya simuleta kuna kitufe cha kusimamisha. Mwalimu akikibonyeza, mvua hukoma palepale, na makosa hujadiliwa kwa utulivu. Ziwa halina kitufe hicho. Rubani aliye angani anajua kwamba mafuta yanapungua, kwamba wingu lile halikuwekwa na mtu wa kumpima, na kwamba hakuna atakayefungua mlango na kumwambia zoezi limekwisha.

Elimu hiyo ya kuijua hofu yake na kuitawala haipatikani kwa kuigiza. Hupatikana katika ndege ndogo ya injini moja, siku ambayo mwalimu anateremka na kumwambia kijana aende peke yake. Kwa ajili hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, mwaka 1971, ambapo vijana wa nchi tatu walifunzwa kuruka juu ya ardhi yao wenyewe, katika joto lao na mawingu yao. Na kwa ajili hiyo hiyo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kimeanza katika miaka ya karibuni kujijengea uwezo wa kufunza marubani kikiwa na ndege ndogo za mafunzo.

Ulimwenguni kwenyewe wakubwa hawajakubaliana. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliidhinisha leseni mpya ambayo humfikisha kijana katika kiti cha rubani msaidizi wa ndege kubwa baada ya saa 240 za mafunzo, nyingi zikiwa ndani ya simuleta. Marekani, baada ya ajali ya Buffalo, ilitunga sheria mwaka 2010 iliyowataka kwa kawaida marubani wa mashirika ya abiria wawe na saa 1,500. Lakini la kuzingatia ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile ya Buffalo walikuwa wamekwisha kuzipita saa 1,500 kabla ya kuanguka. Wingi wa saa haukuwaokoa, kwa sababu katika saa zote hizo hakuna aliyewafunza kukabili jambo lile lililowapata. Hesabu ya saa peke yake ni kama hesabu ya siku ambazo mtoto amehudhuria shule. Inasema alikuwapo, haisemi alijifunza nini.

WALIMU WANALIJUA JAMBO HILI

Katika vyuo vya ualimu, mwanachuo hutangulia kuwafundisha wenzake wanaojifanya wanafunzi. Huko anaweza kusahau, akacheka, akaanza upya. Baadaye hupelekwa katika mazoezi ya kufundisha, akakutana na darasa la watoto wa kweli ambao hawajifanyi, wengine wana njaa na wengine wametembea mwendo mrefu tangu alfajiri. Hakuna mkuu wa chuo anayesema kwamba hatua ya kwanza ni mchezo na ifutwe, wala anayesema kwamba inatosha na mazoezi yafutwe kwa kuwa fedha ni chache. Kila moja lina kazi yake na zamu yake.

Kwa rubani zamu zenyewe ni tatu. Kwanza ndege ndogo ya kweli, ili aujue upepo na aijue nafsi yake. Pili simuleta, ili azijue dharura ambazo hakuna mwenye akili anayeweza kuziagiza hewani. Tatu ndege kubwa ya kweli, akiwa pembeni ya rubani mkongwe anayeweza kumnyang'anya usukani kabla kosa halijawa msiba. Ukiiondoa ya kwanza, unapata kijana hodari wa vipimo anayeshtuka wingu halisi likimtikisa. Ukiiondoa ya pili, unarudi New Orleans. Ukiifupisha ya tatu, abiria ndiye anayekuwa kitabu cha mazoezi.

MAMBO YANAYOHITAJI UAMUZI

Mambo matatu yanawahusu wale ambao kalamu zao huidhinisha matumizi ya fedha za umma.

La kwanza ni kwamba aina za ndege ni gharama ya mafunzo. Kati ya mwaka 2016 na 2023 Tanzania ilipokea Q400, Boeing 787, Airbus A220 na Boeing 737 MAX: aina nne za ndege za abiria katika miaka saba. Kila aina inadai simuleta yake, walimu wake na vipindi vyake vya kila mwaka. Kwa miaka mingi marubani wa nchi hii wamekuwa wakisafiri nje kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayeandika bei ya ndege katika mapendekezo ya ununuzi bila kuandika bei ya kumfunza na kumrudisha rubani darasani kila mwaka, ameandika nusu ya hesabu. Hata ndege zinapolazwa chini, kama zilivyolazwa duniani kote wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, deni hilo haliishi. Rubani asiyeruka na kutua mara 3 katika siku 90 hana ruhusa ya kubeba abiria mpaka ajirudishe katika hali, na mara nyingi ni simuleta inayomwokoa.

La pili ni kwamba nchi moja changa haiwezi kumiliki simuleta za aina zote, wala si lazima. Chuo cha Shirika la Ndege la Ethiopia kina simuleta za Q400, Boeing 737 na Boeing 787, na kinafunza marubani wa mataifa mengi ya Afrika. Soroti ya mwaka 1971 ilijengwa kwa fikra kwamba majirani wanaweza kugawana gharama ya elimu wasiyoimudu mmoja mmoja. Shirika la pamoja lilivunjika mwaka 1977, lakini fikra ile haikuthibitishwa kuwa mbaya. Na mtambo unaonunuliwa bila mwalimu, bila fundi na bila bajeti ya vipuri hugeuka samani ya bei kubwa.

La tatu, na pengine ndilo kubwa, ni kwamba rubani anaweza kwenda ng'ambo kuingia ndani ya simuleta, lakini maswali ayakutayo humo yasiwe ya ng'ambo peke yake. Kama simuleta hufundisha kile tu kilichotiwa ndani yake, basi ni wajibu wa mashirika yetu na wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhakikisha kwamba mvua ya Ziwa Victoria, njia ya Bukoba na upepo wa asubuhi wa Mwanza vimetiwa humo. Rubani aliyekwisha kuipima theluji ya Ulaya mara kumi bila kuipima dhoruba ya ziwa hili hata mara moja, amefaulu mtihani wa watu wengine.

Watu wengi, wakishatoka mazikoni, husema kwamba ajali haina kinga. Ni maneno ya kufariji, na mfiwa hana budi kufarijiwa. Lakini maneno hayo hayafai kuingia ofisini wala darasani. Karibu kila ajali iliyotajwa hapa ilifuatiwa na kanuni mpya, somo jipya au zoezi jipya ndani ya simuleta. Kinga ilikuwapo, ilichelewa. Kazi ya mtumishi wa umma ni kuhakikisha kwamba haichelewi, na kazi ya mwalimu ni kumwandaa mtoto wa Chato, kwa hesabu na fizikia isiyobabaisha, ili siku moja aingie katika chumba kile cha mbele akiwa amepitia zamu zote tatu.